Mgonjwa wa Mwanangu na Saa ya Kula Papai

Jumapili, tarehe 3 Machi

Nimekuwa mgonjwa. Si wa kuumwa. Wa masomo!

Binti yangu anamalizia kozi ya Ayurveda, ile elimu ya tiba ya kale iliyotoka India, na ili amalize lazima awe na mgonjwa mmoja wa kumfuatilia siku saba. Wenzake wanahangaika kutafuta wagonjwa. Yeye hakuhangaika. Alinitazama mara moja tu mezani, nikiwa namalizia sahani, akasema mama, wewe unafaa. Hayo ndiyo macho ya kitaalamu.

Mada aliyopewa ni wakati mzuri wa kula matunda. Nikamwambia wakati mzuri ni yakiwepo. Hakucheka. Ameelimika mno siku hizi.

Masharti ni haya. Tunda huliwa asubuhi, tumbo likiwa tupu. Huliwa peke yake. Ukishalila unasubiri saa nzima ndipo unywe chai. Asubuhi ikikupita, basi ni katikati ya milo, tumbo likiwa limeshamaliza kazi yake. Baada ya chakula, marufuku. Eti tunda hushuka haraka, na likikuta foleni tumboni linasimama hapo hapo na kuchacha. Pamoja na maziwa, marufuku. Jua likishazama, marufuku, kwa kuwa moto wa tumbo nao umeshuka. Nikauliza na embe je? Akasema embe ni tunda, mama.

Tena wataalamu hao huwagawa watu kwa maumbile: Vata, Pita na Kafa. Mimi ni Kafa. Nikataka kujua Kafa wakoje. Akasema ni watu wapole, wavumilivu, wenye mapenzi, wazito kidogo. Nimeyakariri yote isipokuwa la mwisho.

Sasa kiini cha mambo. Mwalimu wao ana kliniki yake mwenyewe, na mwisho wa kozi atachukua mwanafunzi mmoja awe msaidizi wake. Mmoja tu! Binti yangu ametafuta kazi miaka miwili. Nakala za barua zake za maombi nazihifadhi juu ya kabati na zimeshagusa dari. Hii kazi ni yake.

Kikwazo ni kimoja. Mwana wa Bi Marashi yumo darasa hilo hilo, amepewa mada hiyo hiyo, na mgonjwa wake ni mama yake. Bi Marashi ni mwenzangu kazini. Tunasafisha jengo moja la ofisi, yeye ghorofa ya kwanza hadi ya tatu, mimi ya nne hadi ya sita. Jina hilo nimempa mimi, kwa jinsi anavyojimwagia. Mwanawe ana adabu, sikatai. Lakini masikio yale!

Binti kanipa daftari la mgonjwa. Nijaze kila siku nimekula nini, saa ngapi, na nimejisikiaje. Hili jingine nimejinunulia mwenyewe. Mtu mwenye shughuli za kisomi anahitaji mahali pa kusemea ukweli.

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Siku ya kwanza. Kabla sijanawa uso, binti akanimulika ulimi kwa tochi ya simu. Kisha akanishika kifundo cha mkono, akafumba macho. Nikamuuliza anasikia nini. Akasema ninyamaze. Akaandika kitu kwenye kidaftari chake kidogo cha bluu. Nimemlea mwenyewe huyu.

Saa kumi na mbili na nusu, papai. Vipande sita, peke yake. Tamu! Hadi hapo Ayurveda haina kosa lolote.

Ndipo ikaja ile saa nzima ya kusubiri chai. Sijapata kuona saa ndefu namna ile. Nimepiga pasi nguo zote, hata ambazo hazivaliwi. Kufika dakika ya arobaini ikabidi nitoke kwenda kazini. Chai nikaiacha mezani inafuka mvuke. Nimegeuka nyuma mara mbili.

Mtihani wenyewe ulikuwa saa nane. Ghorofa yangu ya tano ina chumba cha mikutano. Kila wakubwa wakikutana huletewa sinia la matunda, na mabaki ya sinia ni ya msafishaji wa ghorofa. Haijaandikwa popote, ila inaheshimiwa kuliko sheria zilizoandikwa. Leo limebaki nusu sinia. Nanasi na tikiti. Na mimi ndiyo kwanza nimemaliza chakula cha mchana.

Nikasimama mbele ya sinia nikafikiria maisha ya mwanangu. Nikayafikiria vizuri sana. Halafu nikaona nanasi lililokwisha kukatwa halina mahali pa kwenda.

Tikiti binti alinionya: lisichanganywe na tunda lingine lolote. Nikalila kwa mkono mwingine.

Katika daftari la mgonjwa nimeandika: Saa nane, maji ya uvuguvugu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimepata akili! Kosa si langu. Kosa ni la sinia. Linakuja saa mbaya.

Nikamwendea sekretari wa ghorofa ya tano nikamweleza kitaalamu. Nikamwambia matunda baada ya chakula huchacha tumboni, ndiyo maana wakubwa husinzia mchana. Wataalamu wa Ayurveda wanataka tunda liliwe asubuhi. Nikataja Vata, Pita na Kafa bila kukwama. Akaacha kuandika kabisa. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikasema ni mambo ya kifamilia.

Akalihamishia sinia saa tatu asubuhi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: kufikia saa nne mabaki yangenifikia, chakula cha mchana bado kiko mbali, tumbo halina foleni. Halali kabisa.

Saa nne kamili nikaingia na toroli langu. Sinia limelambwa! Hata yale majani ya mapambo hayapo. Kumbe wakubwa nao hutoka kwao bila kula. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa bado anafuta kidevu. Sekretari akanifuata koridoni kunishukuru, akasema wamefurahi mno, utaratibu huu utakuwa wa kudumu.

Miaka kumi na moja ya mabaki, nimeyazika kwa mdomo wangu.

Na bado. Mchana nikamsikia mlinzi anamwambia mtu kwenye lifti kwamba matunda ya asubuhi yameletwa na yule mama wa Ayurveda wa ghorofa za chini, yule anayenukia vizuri. Nikataka kuwafuata kwenye lifti nieleze, ila mopu ilikuwa imebanwa na mlango wa choo.

Jioni nikapoza moyo kwa embe. Moja. Kubwa. Jua lilikuwa limezama, lakini upande wetu wa jengo huzama mapema kuliko kwingine, sasa nani wa kusema?

Jumatano, tarehe 6 Machi

Bi Marashi ananitia wasiwasi. Saa ya mapumziko, kwenye stoo yetu ya ghorofa ya sita, katikati ya ndoo, anatoa daftari lake la mgonjwa na kuandika papo hapo. Ndizi moja, saa moja kasoro robo. Nimejisikia kawaida. Nikamuuliza anaandika kawaida tu? Akasema, mwenzangu, ndivyo nilivyojisikia. Mwanamke hana hata chembe ya ubunifu, lakini ana nidhamu, na nidhamu inaweza kumpa mwanawe kazi.

Basi ikabidi nichukue hatua. Nilikuwa nimekuja na chupa ya ndizi zilizosagwa na maziwa, nzito, baridi, nimeitia hata asali. Ndizi na maziwa! Makosa mawili kwenye chupa moja. Nikamwambia dada, nimekuletea zawadi, nimekuona umekonda. Nilijua hawezi kukataa. Ana aibu ya kukataa, yule.

Akaipokea kwa mikono miwili. Macho yakamlengalenga. Akasema tangu aanze kazi hapa hakuna aliyewahi kumfikiria hivi. Halafu akasema masharti ya mwanawe hayamruhusu, na kumwaga ni dhambi, na mimi ndiye mwenye roho nzuri, basi ninywe mimi kwa niaba yake. Akakaa hapo kuhakikisha nimemaliza. Akanimiminia mpaka tone la mwisho.

Tumbo langu tangu saa saba linazungumza peke yake.

La maana nililofanya leo ni kulimaliza daftari. Hapa niseme kidogo juu ya kazi. Kila mlango wa choo una fomu yenye visanduku vya saa, na kila ukisafisha unaweka sahihi. Mgeni wa kazi hudhani unasaini kila saa. Sisi tunaojua tunasaini vyote asubuhi, mkono ukiwa mkavu na kalamu ikiwa na wino. Msimamizi mwenyewe hupenda hivyo, karatasi haichafuki na sahihi zinafanana. Sijawahi kuulizwa.

Daftari la binti yangu nalo lina visanduku. Nikajaza Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Kwa mwandiko wangu wa sherehe! Kila siku papai saa kumi na mbili na nusu. Na kila siku nikaongeza kitu ili pasionekane pakavu kama pa Bi Marashi. Alhamisi: najihisi mwepesi. Ijumaa: mwepesi zaidi. Jumamosi: nimepanda ngazi zote bila kuhema. Jumapili: ulimi msafi, moyo mtulivu, mvua kidogo mchana.

Binti atafurahi. Mama mwingine angeiacha kazi hiyo hadi dakika ya mwisho.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Siku ya wepesi. Kulingana na daftari.

Asubuhi binti aliniangalia ulimi muda mrefu mno. Akataka mwanga zaidi. Akaniuliza jana nilikula nini. Nikamwambia daftari lipo, linajieleza. Akasema anataka nimwambie kwa mdomo. Nikasema mdomo ameushika yeye, nitasemaje? Akaandika ukurasa mzima kwenye kile kidaftari cha bluu. Ukurasa mzima kwa ulimi mmoja! Hakika nina ulimi wa maana.

Kazini nikapanda lifti na mkurugenzi, sisi wawili tu. Tumbo likaanza ghorofa ya pili. Lilianza kama mlango wa zamani. Ghorofa ya nne likawa kama viti vinaburutwa. Mkurugenzi akatazama dari, akasema waite fundi wa lifti. Nikasema sawa bosi, nitamwita.

Jioni, embe. Lilikuwa la mwisho kapuni na lilikuwa linalegea, nisingeliacha liharibike kwa sababu ya jua kuzama. Niliposikia mlango unafunguliwa nikaficha maganda ndani ya kiatu changu cha kutokea. Binti akaingia, akasimama, akanusa. Akazunguka chumba kama anatafuta chaja. Akasimama mbele ya kile kiatu. Akaketi akaandika.

Nikamuuliza anaandika nini. Akasema masomo tu, mama. Nikamwambia apumzike, atajichosha macho.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Balaa.

Mwalimu alitakiwa kuja Jumatatu. Kaja leo! Eti hupenda kuwaona wagonjwa katikati ya zoezi, mahali wanaposhinda. Mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya kamba, sauti ya chini kabisa. Saa nne akaingia stoo na wanafunzi wake wawili, binti yangu na yule wa masikio. Bi Marashi akageuza ndoo akamfutia mwalimu pa kukaa kabla mimi sijaipata ya kwangu.

Akaanza na daftari la Bi Marashi. Mistari miwili kila siku. Jana kaandika, nimekula chungwa juu ya chakula, nimesahau, mnisamehe. Anajichoma mwenyewe! Nikamhurumia mwanawe. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akasema vizuri.

Akashika la kwangu. Akasifu mwandiko. Nikamwambia binti naye anao huo huo, na darasa la tano hakuwahi kuwa wa pili isipokuwa ile mara alipovimba mashavu. Binti akanivuta nguo kwa nyuma.

Mwalimu akafunua. Akafunua tena. Akatazama tarehe kwenye simu yake. Akaniuliza, kwa upole, kama hizo ngazi za Jumamosi nimeshazipanda. Nikamwambia ni kama nimeshazipanda. Akafunua tena. Akauliza nimejuaje kwamba Jumapili kutanyesha.

Nikajibu kwamba sisi watu wa Kafa huhisi unyevu mapema.

Bi Marashi akaanza kupanga vitambaa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Mwalimu akalifunga daftari, akalirudisha mikononi mwangu, akamwambia binti yangu kwamba hili haliwezi kuhesabiwa. Mgonjwa hakuna.

Nikasema mgonjwa si ndiye mimi hapa! Nikaonyesha na ulimi.

Binti hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Akaniambia tutaonana nyumbani, mama, akatoka. Lifti ilikuwa wazi hapo hapo. Akapita ngazi, ghorofa zote sita, nikawa nasikia viatu vyake mpaka chini.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Asubuhi hakunimulika ulimi. Nilikaa kitandani nimeutoa, nikidhani kachelewa. Kumbe ameshaondoka.

Nyumba kimya. Nikala papai saa kumi na mbili na nusu, vipande sita, peke yake. Nikasubiri saa nzima. Sikupiga pasi. Nilikaa tu nikitazama zile barua juu ya kabati. Miaka miwili mtoto anavaa ile blauzi moja ya usaili, anaifua usiku, anaianika dirishani. Na mimi nimemharibia kwa kalamu. Chai ilipofika saa yake sikuitamani, na mimi kutotamani chai si jambo dogo.

Basi nikainuka. Nikajaza kapu: machungwa, ndizi, nanasi zima. Nikavaa vizuri, nikaenda kliniki kwa mwalimu. Nilipotea njia mara mbili, nikafika akiwa anafuta mikono, ametoka kula. Akalitazama kapu langu la matunda, akaitazama saa ya ukutani. Nikalisukuma kapu chini ya kiti.

Nikamwambia yote. Nanasi, tikiti, embe la Jumanne, embe la Alhamisi, ndizi na maziwa. Nikamwambia mwanangu hajui lolote, ni mtoto msafi, kosa ni la mama yake, na kama anatafuta wa kumfukuza anifukuze mimi. Akasema mimi si mwanafunzi wake. Nikasema hata hivyo.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua droo akatoa kile kidaftari cha bluu! Binti alikuwa ameshafika kabla yangu, asubuhi na mapema, akakiweka mezani na kusema, hiki ndicho nilichokiona mwenyewe.

Mwalimu akanisomea kidogo. Siku ya kwanza: mgonjwa anasema saa nane alikunywa maji, vidole vinanuka nanasi. Siku ya tatu: mgonjwa amelala na daftari mkononi, amejaza hadi Jumapili, nimeliacha lilivyo. Siku ya nne: ulimi una utando mzito, tumbo linasikika kutoka chumba cha pili, maganda ya embe ndani ya kiatu cha kushoto.

Cha kushoto! Hata upande kaandika. Nikamuuliza mwalimu kama amewahi kuona makini ya namna hiyo. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu, mabega yakimtikisika. Nadhani ni vumbi. Akaniambia nirudi nyumbani, na kapu nilile kesho asubuhi.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Kapata! Kazi kapata! Binti yangu!

Nimepiga kigelegele ghorofa ya sita, watu wa uhasibu wakatoka wote. Nikawaambia ni wa kwangu huyo, nimemzaa mwenyewe.

Alikuja mwenyewe jengoni kuniambia. Tukakumbatiana koridoni, mopu katikati. Alilia kidogo, nami nililia zaidi ili asione aibu. Akasema mwalimu amemwambia hivi: wanafunzi wengi huandika wanachoambiwa na mgonjwa, na yeye kaandika alichokiona, na wagonjwa wa kweli ndivyo walivyo. Anaanza wiki ijayo. Na ripoti yake ataisoma mbele ya darasa zima, na wakufunzi wengine wamealikwa.

Hapo akasita. Akasema kwa vile ripoti inanihusu mimi, ni lazima niridhie. Akasema nifikirie kwanza, maana kuna mambo mle ndani. Nikaridhia kabla hajamaliza sentensi. Nikamuuliza ina kurasa ngapi. Kumi na nne.

Kurasa kumi na nne! Mimi tu, mwanzo hadi mwisho! Niliacha shule mapema, na leo nasomwa.

Nimemwambia mlinzi. Nimemwambia sekretari, ambaye sasa anajua Ayurveda ya jengo hili ilianzia ghorofa gani. Nimeazima kitambaa cha kichwa cha dada yangu kwa ajili ya siku hiyo, nitakaa mbele, na wakiniomba niseme neno sitawakatalia. Wasiponiomba pia ninalo.

Nimelirudia lile daftari la mgonjwa nikalitazama. Kama ningelijaza kama walivyotaka, pangekuwa na nini cha kuandika? Hata yale maganda niliyaficha vizuri kiasi cha kumfanya mtoto atumie akili. Mengine mzazi huyafanya bila hata kujua anayafanya.

Bi Marashi alikuja stoo kunipongeza. Kwa moyo mmoja kabisa, hana kinyongo, huyu mwanamke. Akasema mwanawe amefaulu pia, atatafuta kliniki nyingine. Nikamuuliza ripoti ya kijana ilikuwa na kurasa ngapi. Akasema tatu.

Tatu. Moyo uliniuma. Lakini mtu anayefanya kila anachoambiwa, utamwandika nini?

Nikamketisha kwenye ndoo, nikamshika mkono, nikamwambia, dada, kijana bado ana safari ndefu, na wewe ndiye mama yake. Anza kudanganya kidogo.